Dawa ya Kuzuia Mimba na Hesabu ya Watoto

Kuna wanaosema: « Mulete dawa ya kuzuia mimba, na watoto watapunguka mara moja. » Wengine wanaogopa dawa ile kwa sababu ile ile. Wote wanasahau neno moja: dawa haileti hamu, inafuata hamu iliyomo mu nyumba.

Tutazame kwetu. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae mu kambi pamoja na wake zao. Ikatoa nyumba, lopitalo ya kuzalia, na posho ya muke na ya watoto. Kolwezi, iliyoanzishwa mu 1937, ilikomaa mu desturi ile. Zamani mama alinyonyesha miaka miwili na zaidi, na mume alingoja. Ku kambi kungoja kule kukapunguka. Watoto wakazidi. Si juu ya dawa: maisha ndiyo yaliyogeuka.

Kisha, mu 1972, Rais Mobutu alisema juu ya « uzazi unaotakiwa », na sheria ya afya ya 2018 ikaruhusu njia za kuachanisha uzazi. Lakini hesabu inasema nini? Mu 2007, wanawake wenyi ndoa 6 ku 100 walitumia njia za kisasa. Mu 2013-2014, 8 ku 100. Hata hivi, hesabu ya watoto kwa kila mama mu Kongo haikushuka: toka 6,3 ikawa 6,6. Mu Katanga ilikaribia 8.

Sababu gani? Kwanza, 8 ku 100 ni wachache. Pili, wenyi ndoa wengi walitaka watoto sita na zaidi. Tatu, wanawake 28 ku 100 walitaka kungoja ao kuacha kuzaa, lakini hawakutumia njia yo yote. Wengi wao walitaka kungoja tu. Anayengoja anaachanisha watoto, anapumzika, anapona. Pengine hesabu ya mwisho haigeuki sana. Mu Kinshasa, ambako wasichana wengi wamesoma, hesabu ilikuwa 4,2.

Tuvuke mupaka mpaka Lusaka. Utafiti uliotangazwa mu 2014 ulionyesha hivi: wake waliopewa karata ya dawa peke yao waliitumia kuliko wale walioipewa mbele ya mume, na uzazi usiotakiwa ukapunguka. Lakini nyuma walipungukiwa na furaha. Siri ilipunguza mimba, haikujenga ndoa.

Papa Paulo VI, mu 1968, alikataa dawa hizi, akaruhusu wenyi ndoa wafuate siku zisizo za mimba kama kuna sababu ya kweli. Njia ile nayo haiwezekani pasipo mapatano ya watu wawili.

Basi, anayetaka kujua watoto wangapi watazaliwa kesho, toka Mashamba mpaka Musonoie, asihesabu dawa tu. Aulize kama binti anasoma, kama watoto wanaishi, na kama mume na muke wanasemezana.