Fumbo, Kitendawili na Mtanziko

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, jambo likikosa kueleweka utasikia likiitwa fumbo, kitendawili au mtanziko, kana kwamba ni neno moja. Si neno moja. Katika Karatasi ya Tatu (102/3), anayeyachanganya hupoteza alama alizokaribia kuzipata.

Anza na vitenzi vyake. Fumbo hufumbwa, kama jicho au kinywa, kisha hufumbuliwa. Kitendawili hutegwa kama mtego, kisha huteguliwa. Mtanziko una ujamaa na kitanzi, nao hutanzuliwa. Umeona? Ni ile kauli ya kutendua uliyosoma katika sarufi.

Kitendawili hakina shida kubwa. Kina mwito, "Kitendawili!" na "Tega!", na jibu lake jamii inalijua: nyumba yangu haina mlango, yai. Kitamathali, hutumika kwa jambo ambalo jibu lake halijapatikana: "Sababu ya yeye kuhama usiku imebaki kitendawili."

Fumbo ndilo huwasumbua watahiniwa. Halina mwito maalumu. Ni kauli iliyofichwa maana makusudi ili anayehusika tu aielewe. Mama akiwaambia wanawe mbele ya jirani mwenye tabia ya kuazima vitu asirudishe, "Funikeni maziwa, paka karudi," jirani atatazama chini ya meza. Watoto watakimbilia kuficha chaja ya simu.

Anwani pia huweza kuwa fumbo. Chukua Mapambazuko ya Machweo. Mapambazuko ni ya asubuhi, machweo ni ya jioni. Vipi jioni ipambazuke? Wengi huandika kwamba anwani "inashangaza" wakaishia hapo. Huko ni kulitaja fumbo, si kulifumbua. Je, machweo ni uzee, au ni mwisho wa hali fulani? Rudi hadithini, utoe tukio linalothibitisha unachosema. Mimi nikisahihisha, hilo tukio ndilo ninalolitafuta.

Mtanziko ni tofauti kabisa. Hapa hakuna kilichofichwa. Mhusika anajua kuwa nduguye ameiba: akimshtaki, anavunja undugu; akinyamaza, anashiriki uovu. Njia ni mbili na zote zina hasara. Ukiuita kitendawili umekosea, maana kila kitu kinajulikana ila la kufanya.

Na usisahau ngeli: fumbo ni LI-YA, kitendawili KI-VI, mtanziko U-I. "Fumbo hiki" ni kosa ninalokutana nalo kila mwaka.

Jaribu: Msichana amepata nafasi ya masomo ng'ambo siku ileile mamake mgonjwa amebaki bila wa kumtunza. Anapoulizwa ataamua nini, anajibu, "Kuku mwenye mayai haruki ua." Taja mtanziko wake, kisha ufumbue kauli yake. (alama 4)