Kutambua Uvujaji wa Oili na Mngurumo katika Magari ya Mizigo ya Foo-wili: Maarifa na Istilahi za Karakana za Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha vyanzo vya uvujaji wa oili na mngurumo katika gari la mizigo la foo-wili, kwa kuzingatia mazingira ya Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba utambuzi sahihi hutegemea mambo mawili: utaratibu wa kuondoa shaka moja baada ya nyingine, na istilahi zinazoeleweka kwa dereva, fundi na muuza vipuri. Yanapokosekana, hitilafu ndogo ya sili huweza kuishia kwenye breki.

Istilahi kuu: sili, beringi, difu, transfa, istilahi za ufundi

1. Utangulizi

Bujumbura iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Taifa Namba 1 itokayo jijini kuelekea Bugarama hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika mwendo wa kilomita zisizofika 40. Gari lenye shehena hupanda kwa gia nzito na hushuka likitegemea injini na breki. Upande wa tambarare, hasa Gatumba karibu na mto Rusizi, mafuriko yamejirudia, yakiwemo ya mwaka 2020 na 2024, na magari hulazimika kupita majini. Mlima na maji ndivyo vinavyoichosha mifumo ya kupeleka nguvu magurudumuni.

2. Mfumo kwa ufupi

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi na giaboksi, kisha kwenye transfa, ambayo huigawa kati ya propela ya mbele na ya nyuma. Kila propela huingia kwenye difu yake, nayo difu hupeleka mzunguko kwenye shafti za ekseli hadi kwenye habu. Shafti inapotoka ndani ya kasha lenye oili, pana sili. Inapobebwa, pana beringi. Kwa hiyo uvujaji mara nyingi ni suala la sili, na mngurumo ni suala la beringi au meno ya gia. Hata hivyo, mawili hayo huzaana: beringi iliyolegea huifanya shafti icheze na kuila sili, na sili iliyokwisha humwaga oili na kuiacha beringi kavu.

3. Utambuzi wa uvujaji

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Upepo wa mwendo huirusha oili nyuma, hivyo sehemu iliyolowa si lazima iwe ndiyo inayovuja. Gari lioshwe chini, likaushwe, liendeshwe kilomita chache, ndipo likaguliwe kuanzia mbele kwenda nyuma na juu kwenda chini. Hatua ya pili ni kuitambua oili yenyewe. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi; oili ya difu ni nzito na ina harufu kali ya salfa; mafuta ya breki ni mepesi na huoshwa kwa maji.

Hatua ya tatu, ambayo husahaulika, ni kukagua kipumulio cha difu. Difu inapopata joto mlimani, hewa iliyomo hupanuka. Kipumulio kikizibwa na tope, shinikizo hutafuta njia kupitia sili. Fundi anayebadilisha sili bila kuzibua kipumulio atalipokea gari lilelile tena. Kinyume chake, difu yenye joto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa husinyaa na kuvuta maji ndani. Oili hugeuka rangi ya maziwa. Oili hiyo haina budi kumwagwa hata kama gari halijaanza kunguruma. Fundi afungue kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ikimshinda baada ya kumwaga, gari halitaondoka.

Uvujaji wa hatari zaidi ni wa sili ya ekseli ya nyuma kwa magari yenye breki za ngoma. Oili hupenya hadi kwenye viatu vya breki, na dalili yake ni unyevu upande wa ndani wa gurudumu. Mteremko wa kutoka Bugarama si mahali pa kuigundua hitilafu hiyo.

4. Utambuzi wa mngurumo

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama, injini ikiwaka bila gia. Sauti ikitoweka klachi inapokanyagwa, beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi hushukiwa; ikianza klachi inapokanyagwa, beringi ya klachi ndiyo yenye shaka.

Mngurumo unaofuata kasi ya gari, wala si kasi ya injini, hutoka nyuma ya giaboksi. Katika kona, uzito huhamia gurudumu la nje. Sauti ikizidi gari linapokata kushoto, habu ya kulia ndiyo ya kufunguliwa kwanza. Sauti ikibadilika mguu unapokanyaga na kuachia akselereta, uchunguzi uelekee kwenye difu. Ikibadilika kwa kutoka lami kwenda udongo, tairi huenda ndiyo yenye lawama. Ikisikika foo-wili inapowekwa tu, uchunguzi uelekee kwenye transfa na difu ya mbele. Lakini jaribio hili lisifanywe kwenye lami kavu kwa magari yasiyo na difu ya kati, kwani mfumo hujikaza na kuumia.

Sumaku ya nati ya kumwagia hutoa ushahidi wa mwisho: uji mwembamba wa chuma ni wa kawaida, vipande si vya kawaida.

5. Lugha ya karakana

Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa karakana zake, huonyesha tatizo la istilahi. Elimu rasmi ya ufundi nchini hutolewa kwa Kifaransa. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani kupitia Dar es Salaam. Dereva huzungumza Kirundi au Kiswahili. Kitu kimoja huitwa *roulement* na mmoja, na beringi na mwingine.

Palipo na upungufu mkubwa zaidi ni kwenye sauti. Dereva husema gari "linalia", neno lisilomwongoza fundi, ilhali Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: kunguruma kwa beringi, kuvuma kwa meno ya difu, kugonga kwa krosi ya propela, kukwaruza kwa chuma juu ya chuma. Vivyo hivyo, jina "oili ya gia" huficha tofauti ya madaraja: GL-5 hufaa difu, lakini huweza kudhuru sehemu za shaba za baadhi ya giaboksi zinazohitaji GL-4.

6. Hitimisho na mapendekezo

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na magari yake huvuka mipaka pamoja na hitilafu zake. Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mafundi kusanifisha istilahi za sehemu, sauti na oili. Pili, ukaguzi wa magari ya mizigo ujumuishe kipumulio na upande wa ndani wa magurudumu. Tatu, karakana ziandike malalamiko ya dereva kwa kutaja kasi, gia, kona na mzigo. Hatua ya tatu haihitaji mtambo wowote. Inahitaji daftari na maneno yanayokubalika na wote.