Mjamzito, usiikimbie paracetamol kwa sababu ya kesi

Umesikia kwamba mjamzito akimeza paracetamol mtoto hupata usonji? Wazazi nchini Marekani waliwashtaki watengenezaji na wauzaji wa dawa hiyo, wakidai hawakuonywa. Desemba 2023, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, Jaji Denise Cote wa New York aliukataa ushahidi wa wataalamu watano wa upande wa wazazi, akisema njia walizotumia kufikia hitimisho lao haziaminiki kisayansi.

Uamuzi huo si ruhusa ya kumeza dawa ovyo. Lakini homa kali isiyotibiwa nayo ni hatari kwa mimba. Ukipata homa, wahi kliniki upimwe malaria, umeze kipimo ulichoelekezwa tu. Na kama mwanao ana usonji, mama, usijilaumu.