Lugha ya Kompyuta na Safari ya Programu

Walimu wa kompyuta upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, wana mjadala usiokwisha: C, Java na Python, ipi bora? Mjadala huu wanaisimu tunaujua. Mnamo 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliteua Kiunguja, wala si Kimvita, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Si kwamba Kimvita kilipungukiwa na ufasaha, la hasha! Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri mbali zaidi.

Kompyuta nayo haielewi lugha hizi moja kwa moja. Huhitaji mfasiri au mkalimani. C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mapema katika miaka ya sabini, hufasiriwa yote kabla ya kutumika, ndiposa ikawa na kasi. Lakini tafsiri hiyo huifaa aina moja tu ya mashine. Ukihamia nyingine, sharti ufasiri upya. C husafiri kama mswada, si kama kitabu kilichokwisha kuchapwa. Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa 1991, humtegemea mkalimani anayeifuata programu hatua kwa hatua. Katika hesabu za kurudiarudia, C huweza kuishinda mara kumi kadhaa. Java ya 1995 ilishika njia ya kati: programu hufasiriwa nusu, kisha kila mashine ikaimalizia kwa mkalimani wake.

Kwa maoni yangu, suala la kasi limetiwa chumvi mno. Programu ya kujumlisha alama za wanafunzi 50 itakwisha kufumba na kufumbua, kwa lugha yoyote ile. Linalomuumiza mwanafunzi ni programu iliyotii shuleni kugoma kwingineko. Miradi mingi ya KCSE iliandikwa kwa Visual Basic, ambayo imefungamana na Windows. Nayo Microsoft iliacha kuyahudumia mazingira ya kuandikia toleo la 6 mwaka 2008. Mwanafunzi wa Changamwe aliyeibeba kazi hiyo hadi Likoni, akakuta kompyuta ya Linux, amebeba mzigo usiofunguka.

Python nayo ina lahaja zake, ndugu msomaji. Toleo la 2, lililostaafishwa Januari 1, 2020, halipatani na la 3 hata katika amri ndogo ya kuandika neno kwenye kioo! Kitabu cha zamani kitampoteza mwanafunzi tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuprogramu kwa shule za msingi na za upili. Kabla ya kuteua lugha, mwalimu na ahesabu kwanza mashine zilizopo shuleni, nyumbani na mitaani. Mimi ningeanza na Python 3. Kisha, kwa kipindi kimoja tu, ningewaandikisha wanafunzi programu ileile kwa C, waihamishe zote mbili kutoka Windows hadi Linux, saa ikiwa mkononi: wapime muda wa kompyuta, na wa kwao pia.