Bati la Bisie na Ahadi za Viwanda vya Mbali

Kabla ya barabara kufika mlima wa Bisie, mashariki mwa Kongo, msafiri alishukia Njingala, akakunja suruali na kuingia msituni. Safari ilikuwa ya miguu, juu ya matope na mizizi, na mara nyingi jua lilizama mtu akiwa bado njiani. Waliorudi kutoka mlimani walibeba mgongoni mifuko ya kilo 50. Kwa macho mfuko ulionekana mdogo, kwa sababu kasiterite, jiwe linalotoa bati, lina uzito wa karibu mara saba ya maji. Mifuko ikitoka msituni ilipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe, magari yakisubiri pembeni. Kutoka hapo Goma, kisha ng'ambo.

Ndivyo Walikale, eneo lenye mlima huo, ilivyoishi katika miaka ya 2000. Huko mwisho wa safari, bati lilikuwa na kazi moja kuu. Huyeyuka kwa nyuzi joto 232 tu, na ndiyo maana mafundi wanalipenda: karibu nusu ya bati lote duniani huishia kwenye lehemu, ile inayoshikisha vipande vidogo ndani ya simu, redio na kompyuta. Mwalimu wa Masisi anayewasha simu yake jioni huenda ameshika chembe ya mlima wa jirani zake wa Walikale.

Siku hizi kila kiwanda kikubwa cha vifaa hivyo kina waraka wa sera ya mazingira. Mwezi Aprili 2023, kampuni ya Apple ilitangaza kwamba ifikapo 2025 bodi zote za saketi inazozibuni zitatumia lehemu ya bati lililorejelezwa kwa asilimia 100, na betri zake zitatumia kobalti iliyorejelezwa pekee. Tayari ilikuwa imeweka lengo jingine: ifikapo 2030, bidhaa zake zote zisiwe zinaongeza hewa ukaa duniani. Hayo ni malengo ya maana. Kila gramu ya bati inayotolewa kwenye simu kuukuu ni gramu ambayo hakuna mlima uliokatwa ili kuipata. Lakini anayeyasoma akiwa Walikale anabaki na swali ambalo waraka haukuliuliza: kiwanda kikishaacha kuhitaji jiwe jipya, shimo lililokwisha chimbwa linabaki mikononi mwa nani?

Kivu imewahi kuonja jibu la swali hilo. Julai 2010, Rais Barack Obama wa Marekani alitia saini sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantalumu, tungsteni na dhahabu yanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani, na kama zimewanufaisha wenye silaha. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila wa Kongo akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi hawakurudi. Waliona ni rahisi kuikwepa Kongo nzima kuliko kuchunguza mfuko mmoja mmoja. Aliyeumia kwanza hakuwa mwenye bunduki. Alikuwa mchimbaji, mbeba mzigo, na mama aliyepika maharage njiani.

Baadaye zikaja lebo za iTSCi, mpango wa kufuatilia asili ya madini, zinazofungwa kwenye mifuko mbele ya maofisa wa serikali. Lebo ni kazi njema, na imewarudisha wanunuzi katika sehemu nyingi. Ila mtu aitazame vizuri. Inauliza jiwe limetoka shimo gani na limepita mikononi mwa nani. Haiulizi maji ya kuoshea yalimwagwa kijito gani, wala miti ya kuegemeza mashimo ilikatwa wapi.

Na msitu wa Walikale una mengi ya kupoteza. Humo, na katika misitu inayouzunguka, ndimo anamoishi gorila wa Grauer, ambaye hapatikani popote nje ya mashariki mwa Kongo. Makadirio yaliyochapishwa 2016 yalisema wamepungua kutoka karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990 hadi 3,800. Hesabu ya 2021 ilitoa takriban 6,800, idadi ambayo bado inatisha. Wachimbaji wanaoishi mbali na mashamba na masoko hula nyama ya porini, na mtego hauchagui mnyama. Kwa hiyo sera inayozungumzia kaboni peke yake imeacha nje sehemu kubwa ya habari.

Leo Bisie haifanani na ile ya wapagazi. Kampuni ya Alphamin, kupitia tawi lake la Kongo ambalo serikali ina hisa ya asilimia 5, ilikata barabara ya zaidi ya kilomita 30 kupita msituni, ikajenga mgodi wa chini ya ardhi wa Mpama Kaskazini na kuanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019. Mtambo wa pili, wa Mpama Kusini, ulikamilika 2024, na mwaka huo mgodi ulitoa tani 17,324 za bati, takriban asilimia 6 ya bati linalochimbwa duniani.

Mwamba wa Bisie una bati la kiasi cha asilimia 4, wakati migodi mingi kwingineko haifikishi hata asilimia 1. Kwa mazingira hiyo ni neema, kwa kuwa kiasi kidogo cha mwamba kinavunjwa kupata tani moja ya bati. Hata hivyo hesabu ina upande wa pili: katika kila tani 100 za mawe yanayosagwa, zaidi ya tani 90 hubaki Walikale. Mtambo hutenganisha jiwe zito na jepesi hasa kwa nguvu ya maji. Makinikia, yaani jiwe zito lililotenganishwa, hupakiwa kwenye malori kuelekea mpakani, na tope huingia kwenye bwawa lililojengwa kulihifadhi. Katika nchi ya mvua nyingi kama hii, ukuta wa bwawa hilo ndio sera ya mazingira yenyewe. Maneno yote mengine yanaegemea pale.

Sheria ya Kongo haiko nyuma kama watu wanavyodhani. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 na sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 zinadai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya kuchimba, mpango wa usimamizi, na dhamana ya fedha iliyotengwa kwa ajili ya kuikarabati ardhi mgodi ukifungwa. Mwenye leseni anawajibika kwa madhara ya shughuli zake hata kama hakufanya uzembe. Tena asilimia 0.3 ya mauzo yake lazima iende kwenye miradi ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa serikali ya mahali, ambayo hapa ni sekta ya Wanianga. Mwanakijiji anayezijua tarakimu hizi anaweza kudai haki yake akizitaja moja moja.

Vita vikaonyesha jinsi haya yote yalivyo dhaifu. Machi 2025, waasi wa M23 wakisonga mbele, Alphamin ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi. Siku chache baadaye waasi hao waliingia Walikale mjini. Walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, mgodi ulianza kurudi kazini hatua kwa hatua. Bwawa la tope halijui kusimamisha kazi. Linahitaji mlinzi na mkaguzi hata siku ambayo hakuna mfuko unaotoka.

Ukipanda upande wa Masisi, mambo ni mazito zaidi. Milima ya Rubaya, iliyokuwa malisho na mashamba, hutoa karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia, metali ya kutengenezea kapasita za simu. Huko hakuna mtambo. Kuna sururu, koleo, na mwenye shimo anayeitwa PDG. Koltani, jiwe linalotoa tantalumu, huoshwa kwa maji ya vijito, na udongo uliokwisha legezwa hukaa juu ya mteremko ukingoja mvua. Kampuni yenye leseni, SMB, na ushirika wa COOPERAMA wa wachimbaji wadogo walikuwa na makubaliano tangu 2013. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 waliiteka Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi ya madini inawaingizia waasi hao dola 800,000 hivi kwa mwezi.

Desemba 2024 serikali ya Kongo ilizishtaki kampuni tanzu za Apple huko Ufaransa na Ubelgiji kuhusu madini ya vita. Apple ilikana, ikasema mapema mwaka huohuo ilikuwa imewaagiza wasambazaji wake waache kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Kwa karani wa kiwanda, agizo hilo linafunga faili. Rubaya watu waliendelea kushuka mashimoni asubuhi yake, na mvua za msimu zikaendelea kuteremsha mlima kuelekea mashamba ya viazi. Bisie ina dhamana ya fedha kwa siku ya kufunga. Rubaya, kila anayenunua jiwe lake anakana kulinunua, na mashimo yaliyoachwa yanajaa maji.