Sikio likikosa, jicho lisome

Ndugu mfanyakazi, umetoboa mwamba miaka mingi. Mashine ile hupita desibeli 100, na sikio lililokufa kwa kelele halifufuki. (Wewe kijana, vaa vizibo.) Leo ndugu yako wa Mulongwe, Uvira, anakutumia video kwenye telefoni: muuguzi anaeleza namna ya kumnywesha mtoto mwenye kipindupindu, huku mkimkimbiza hospitali. Wewe unaona midomo inacheza tu. Mtoto yuko kitandani.

Basi, unayetengeneza video ya namna hiyo, andika maneno chini ya picha. Mistari 2 inatosha, herufi nyeupe juu ya weusi, na maneno yakae mpaka msomaji wa polepole amalize. Hesabu usiziache: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai bila kufurika, chumvi nusu kijiko. Chumvi ikizidi inadhuru.

Telefoni ikiandika yenyewe, usiiamini upesi. Kiswahili chetu kina "si" ndogo sana: "msinywe maji ya mto" ikipoteza hiyo "si", imekuwa "mnywe". Soma yote tena. Halafu zima sauti, mpe mama wa nyumbani aitazame. Akiuliza, "Anasema nini?", rudi uandike.