Jiulize, Kichwa Ishike

Cheki konda wa nganya ya Rongai jioni. Mat imejaa, ngoma inadunda, na jamaa anakusanya doo kutoka nyuma. Msee wa dirisha ametoa thao, anangoja chenji. Mathe wa kati ametoa soo, anashukia Bomas. Hakuna kalamu, hakuna karatasi, na bado akifika mlangoni anajua nani anadai na nani amejifanya amelala. Kila trip anajiuliza: nani bado? Hiyo swali ndiyo imemnoa.

Na si konda tu. Mwaka wa 2000, mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo ya madere wa teksi wa London, wale hukariri karibu barabara 25,000 ndio wapate leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile kona ya ubongo hushika njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Na dere akiwa amekaa kwa hiyo job kitambo, ndio ilizidi.

Sasa wewe wa chuo, unarudia notisi mpaka macho inawasha, alafu kwa mtihani unablank. Watafiti Roediger na Karpicke walicheki hii maneno 2006. Dakika tano baada ya kusoma, wanafunzi waliorudia kusoma ndio walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima bila kuchungulia ndio walikumbuka mob.

So anza hivi. Soma, funga kitabu, andika yenye umeshika bila kuchungulia. Kesho jiulize tena, alafu siku tatu baadaye, alafu wiki. Ukikwama, usikimbilie fone. Ipee kichwa dakika ifukue yenyewe. Na kariri namba ya mathako. Fone ikinyakuliwa Tao, utapigia nani?

Usiku lala ya ukweli. Ukiwa umelala ndio ubongo hupanga vitu za mchana zikae, so kukesha ukiscroll TikTok ni kujinyima. Mchana tembea: shuka stage moja mapema, songesha damu.

Kufeli CAT haimaanishi msee alizaliwa mzito wa kichwa. Kichwa hushika chenye inaulizwa. Weka fone chini sai, utafute beste, umwelezee hizi vitu zote bila kuangalia. Yenye itakupotea, hiyo ndio ya kurudia kesho.